Fakulte ngumu kuingia, je, njo inalipa zaidi?

Matokeo ya Exetat yakitoka, Kasongo na Kabambare vijana wanapakwa poda nyeupe kichwani, nyimbo zinaimbwa. Siku chache kisha, jamaa inakaa: mtoto aende kusoma nini? Hapo njo shamba linauzwa, mbuzi wanauzwa. Si swali la mchezo.

Wazazi wengi wanafikiri hivi: fakulte yenye mlango mwembamba njo yenye mshahara munono. Tuangalie.

Kwetu Kongo, tangu mwaka 1967 Exetat njo inachuja. Ukipata 50%, diploma iko mkononi, na fakulte nyingi zinakupokea: sheria, uchumi, ualimu, sosiolojia. Ni chache tu zinazoongeza chujio lingine, kama politekinike ya Kinshasa yenye mtihani wake wa kuingilia.

Kumbe chujio kubwa liko mbele, siku ya kutafuta mshahara. Chukua mwalimu. Amemaliza masomo, amepewa darasa, anafundisha kila siku. Lakini bila matrikule, jina lake haliko kwenye listi ya malipo ya Leta. Hao njo tunawaita N.U. Masomo ya msingi yalipokuwa ya bure mwaka 2019, wanafunzi waliongezeka, na feza wazazi walizokuwa wanachangia zilikatazwa katika shule za Leta. N.U. wengi wakabaki mikono mitupu. Hata daktari, pamoja na miaka yake mingi ya masomo, anaweza kuwa N.U. Sindika ya madaktari imekwisha kugoma juu ya jambo hilo.

Marekani, watafiti Stacy Dale na Alan Krueger waliandika juu ya swali hili mwaka 2002. Walilinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya aina moja: wengine walienda kwenye vile vinavyochagua sana, wengine wakaenda kwingine. Mishahara yao ya baadaye ilikaribiana. Waliofaidika zaidi na chuo cha kuchagua ni watoto wa jamaa maskini. Lakini kati ya masomo, tofauti ni kubwa: huko injinia anamzidi mwalimu mbali.

Hata hivyo, injinia wa Marekani ana kompani nyingi za kubisha hodi. Kabambare, kompani kubwa ya zahabu ilikuwa ile ya Namoya, pale Salamabila. Ilianza uzalishaji wa biashara Januari 2016. Mwaka 2019 kazi ikasimama juu ya usalama mbaya. Masomo yenye mwajiri mmoja tu ni sawa mtumbwi wenye kasia moja.

Basi, mbele ya kuuza shamba, uliza mambo matatu:

Kwanza, nani analipa kazi hiyo: Leta, kompani, ao mwananchi mwenyewe?

Pili, waliomaliza masomo hayo miaka mitatu iliyopita wako wapi, na wanalipwa kweli?

Tatu, Leta ikichelewa, ufundi huo unaweza kumlisha mtoto hapa hapa kwetu?

Lakini mzigo huu si wa wazazi peke yao. Mwalimu akikaa miaka bila matrikule, vijana wanaona, na wenye akili wanaikimbia chaki. Hapo watoto watakaofanya Exetat kesho, nani atawafundisha?