Barua kwa Kenyenya: Moshi Utoke Jikoni

Ndugu zangu wa Kenyenya,

Juzi usiku hapa Minnesota niliunguza chapati moja. Kengele ya moshi ikalia, jengo zima tukatoka kusimama kwenye theluji, watoto wamefungwa blanketi. Moshi wa chapati moja! Asubuhi nikampigia mama simu ya video. Sikumwona usoni, niliona moshi. Nyuma yake mpwa wangu anakohoa, kifua kinalia filimbi, na mama ananiambia, "Ni baridi tu, mwanangu."

Si baridi. Ni pumu, na moshi ndio unaoichokoza. Kuni mbichi za mkaratusi, mafiga matatu, kidirisha cha kiganja, na mtoto analala humo humo kwa sababu kuna joto. Njia za hewa zinavimba, zinabana, pumzi inakwama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Sisi tunauzoea tu.

Gesi? Najua bei ya mtungi, na sijasahau VAT ya asilimia 16 tuliyobandikiwa mwaka 2021. Mimi nadai dohani. Jiko la udongo lililozibwa vizuri, bomba la bati litoke humo lipite juu ya paa, lenye kofia ya kuzuia mvua. Kuni zikauke kabla ya kuingia jikoni. Masizi yasuguliwe bomba lisizibe. Fundi anayetengeneza mifereji ya maji ya mvua hashindwi na kazi hiyo.

Msiniambie hakuna pesa. Mazishi yakitokea, kwenye WhatsApp tunachanga usiku kucha: hema, ng'ombe, mabasi. Mgonjwa akiwa hai hana kamati. Akishakufa anapata mwenyekiti na mweka hazina. Wapendwa wangu, tuchangie pumzi kabla ya jeneza.

Nami nina deni. Nilimjengea mama nyumba ya vigae, na sebule yake hukaa imefungwa hadi nije likizo. Jiko la nyuma nililiacha vile vile nilivyolikuta utotoni. Nilijenga pale wageni wanapoona, si pale mama anaposhinda.

Leo nimetuma pesa za bomba. Inhela ya mtoto ikae karibu naye, isifichwe kwa aibu. Na wewe mama, usiningoje: fungua ile nyumba, mtoto alale huko usiku huu.

Wenu daima,
Mwana wa Kenyenya, Minnesota