Risasi Si Uhai wa Injini

Marubani wengi wa ndege ndogo wamerithishana imani moja kama wosia: petroli ikitolewa madini ya risasi, injini inakufa. Imani hiyo ni potofu, na wanaoilipia ni watoto ambao hawajawahi hata kupanda ndege.

Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi, lilitangaza kwamba petroli ya magari yenye risasi imekwisha duniani. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini ndege za pistoni, zikiwamo za mafunzo mjini humohumo katika uwanja wa ndege wa Wilson, ziliendelea kunywa 100LL, ile petroli ya buluu inayoruhusiwa kubeba hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Jina lake linadai risasi hiyo ni kidogo. Kidogo kwa nani? Kwenye damu ya mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Uchunguzi ulioagizwa na kaunti ya Santa Clara, California, ulionyesha mwaka 2021 kwamba watoto wanaoishi karibu na uwanja wa Reid-Hillview walikuwa na risasi nyingi zaidi mwilini kuliko wa mbali. Januari 2022 kaunti ikaacha kuuza 100LL uwanjani hapo.

Kazi ya risasi ni kupandisha oktani ili injini isigonge. Injini zenye mgandamizo mkubwa zinaihitaji oktani 100, hilo silipingi. Ila zinachohitaji ni oktani, si sumu. Muulize fundi yeyote anayezifungua: atakuonyesha plagi zilizojaa vipunje vya risasi na oili iliyochafuka kabla ya wakati. Rotax, ambao injini zao zimeenea kwenye ndege nyepesi, wanataka oili ibadilishwe mapema zaidi ukitumia petroli yenye risasi.

Watetezi wa 100LL hunitajia Chuo Kikuu cha North Dakota. Ni kweli, mwaka 2023 ndege zake za mafunzo zilihamia petroli ya oktani 94 isiyo na risasi, kisha Oktoba zikarudi kwenye 100LL baada ya siti za valvu kuonekana zinalika. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito wote. Lakini Lycoming, watengenezaji wa injini za ndege hizo, walielekeza kidole kwenye upungufu wa kemikali za aromatiki katika petroli ile. Maana yake petroli isiyo na risasi si kitu kimoja, na anayezisema zote kwa pumzi moja hajazisoma.

Ujinga huo ndio unaonitisha, kwa sababu petroli zisizo na risasi sasa ni zaidi ya moja. Septemba 2022 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliidhinisha mojawapo, G100UL, kwa injini za pistoni. Nyingine, 100R ya kampuni ya Swift, nayo ikapata kibali chake kwa baadhi ya ndege za Cessna 172. Kila moja inaweza kuchanganywa na 100LL, lakini hizo mbili hazina ruhusa ya kuchanganywa zenyewe kwa zenyewe. Rubani anaweza kujaza moja asubuhi, akatua jioni kwenye uwanja unaouza nyingine. Kabla mpira wa mafuta haujaingia tangini, mjazaji awe amefundishwa kuuliza: humu ndani kuna nini sasa hivi? Na rubani awe na jibu lililoandikwa, kando ya mfuniko wa tangi na kwenye makaratasi ya ndege.