Utamu wa redio kaseti haukuwa kwenye mlio

Mazungumzo ya muziki wa zamani hayaishi bila mtu kuilaumu spika ya bluetooth: haina utamu wa redio kaseti, haina uzito wa santuri. Lawama hiyo inatoka moyoni, ila imemwangukia asiye na kosa. Redio ya masafa mafupi, iliyosikilizwa mijini na vijijini kwa miongo mingi, ilipitisha sauti hadi hezi 5,000 hivi tu, wakati sikio la kijana hufika hezi 20,000. Mlio wa matoazi uliishia njiani. Kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, ilikuwa na mvumo usiokoma nyuma ya muziki, na kila wimbo ulipohamishiwa kwenye kaseti nyingine mvumo ulizidi. Tena masikio hupoteza sauti nyembamba kadiri umri unavyosogea, hivyo mzee wa miaka 65 hawezi kuwa shahidi mzuri wa mlio alioupenda akiwa na miaka 20. Anachokumbuka ni cha kweli, lakini si mlio.

Anakumbuka namna ya kusikiliza. Redio ilikuwa moja, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na betri zake zilianikwa juani ili zisogeze siku mbili tatu. Kifaa cha namna hiyo hakikuwashwa ovyo. Kiliwashwa kwa taarifa ya habari, matangazo ya vifo, salamu, mchezo wa redio, mpira, na kila aliyekuwa karibu alisikia, apende asipende. Mtoto aliijua taarabu ya bibi yake, na bibi akaizoea rumba ya wanawe. Ladha ilirithiwa hivyo, kwa kukaa chumba kimoja. Sony ilipoleta Walkman mwaka 1979 mlango ulianza kufungwa. Simu na hedifoni zimeufunga kabisa. Sebule yenye watu 5 leo ina nyimbo 5, na hakuna aujuao wa mwenzake.

Atakayepinga atataja Marekani, ambako mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 hivi dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza kuzipita tangu 1987. Lakini miongoni mwa wanunuzi hao wamo vijana waliozaliwa CD ikiwa imeshatawala. Hawawezi kutamani mlio ambao hawakukua nao. Wanapata upande mzima wa dakika 20 usiorukwa kwa kidole, na hiyo pia ni namna ya kusikiliza.

Ndiyo maana inasikitisha wazee wanapoidharau sabufa. Besi yake inazidi, kweli, na jirani ana haki ya kulala. Hata hivyo sabufa hukaa sebuleni, pembeni ya televisheni, na haijui kumwimbia mtu mmoja. Katika vifaa vyote vya leo, ndiyo ndugu wa karibu zaidi wa ile redio ya juu ya kabati. Punguzeni besi. Mtoto akiweka singeli, msiondoke sebuleni. Wimbo unaofuata ni zamu yenu.