CD ikigoma njiani, macho ya dereva yabaki barabarani

Gari la familia limetoka Sumbawanga mjini asubuhi, limepita Ntendo na sasa linashuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Safari ni ya Mtowisa, kwa bibi. Watoto wanaimba nyuma. Ghafla wimbo unaanza kukatakata.

“Baba, imekwama tena!”

Baba anainama, anaitoa CD, anaifuta kwenye shati na kuirudisha. Kona hazimsubiri.

Gari lenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Dereva akiangalia redio kwa sekunde tatu tu, amekwenda zaidi ya mita 30 bila kuona mbele. Kwenye mteremko, hapo ndipo penye hatari, na dawa yake huandaliwa nyumbani kabla ya safari.

Familia nyingi hutegemea CD kwa sababu magari yao yalitumika kwanza Japani. Redio nyingi za kule zilitengenezwa kushika FM ya 76 hadi 90, wakati vituo vya hapa hurusha kati ya 88 na 108. Vingi havishikiki, hivyo mzazi anakwenda kwa kijana wa kompyuta kuchomewa nyimbo. Kompyuta inaipiga CD vizuri, gari linaitema.

Sababu ya kwanza ni namna nyimbo zilivyowekwa. CD moja hubeba MP3 zaidi ya mia, lakini redio ya zamani haizijui. Kama usoni mwa redio hapajaandikwa MP3, mchomaji aambiwe achome CD ya muziki ya kawaida, yaani Audio CD. Hiyo huchukua dakika 80, karibu nyimbo 20 za dakika nne nne.

Ya pili ni aina ya CD. CD-RW, ile inayofutika na kuchomwa upya, hurudisha mwanga kidogo, na redio nyingi za zamani hushindwa kuisoma. CD-R ndiyo salama zaidi. DVD haisomeki kabisa kwenye redio ya CD, hata kama kwa macho zinafanana.

Ya tatu ni haraka. Mchomaji apunguze kasi, na aifunge CD akimaliza. Isiyofungwa inaweza kusomwa na kompyuta, lakini redio ikaiona tupu.

Kisha kuna matunzo. Karatasi ya jina isibandikwe juu ya CD, kwa sababu joto la gari lililoegeshwa juani huibandua na inaweza kunasa ndani ya redio. Jina liandikwe kwa kalamu laini ya wino. CD isiachwe juu ya dashibodi. Ikichafuka, ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Namna ya kujua kosa liko wapi ni rahisi. Gari likiwa limesimama, iwekwe CD halisi ya dukani. Ikipiga vizuri, kasoro iko kwenye iliyochomwa. Zote zikiruka, huenda lenzi imeshika vumbi, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikiruka kwenye makorongo tu, mwenye kosa ni barabara.

CD mpya ijaribiwe kwenye gari lenyewe jioni ya kuamkia safari, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Njiani, redio ishughulikiwe na aliyekaa kando ya dereva. Sauti iwe ya kiasi ambacho mtoto wa nyuma akisema anataka kutapika, anasikika bila kupiga kelele. Masikio ya watoto nayo yatapona.

CD ikigoma hata hivyo, izimwe. Watoto wanazijua nyimbo zote kwa kichwa, na bibi anawasubiri wote wakiwa wazima.