Qi, za, zo: Kiingereza si mizani ya akili

Niseme wazi kabla hamjaanza kunirushia mawe: zile video za "maneno kumi ya Kiingereza ya kukufanya uonekane msomi" zinatumaliza. Mtu anasimama mbele ya simu, anakutajia neno refu ambalo yeye mwenyewe alilijua jana usiku, halafu anakuangalia kama wewe ndiye mshamba. Nyinyi mnasambaza. Kesho yake mnamcheka msee wa Malili kwenye komenti kwa sababu ameshrabu kidogo.

Leo tuongee kuhusu maneno mafupi. Mafupi kabisa, ya herufi mbili.

Kama hujawahi kucheza Scrabble, ni ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi kwenye ubao mpaka vitengeneze maneno ya Kiingereza. Kila herufi ina pointi zake. Mashindano ya dunia hutumia orodha ya Collins, na tangu iongezwe mwaka 2019 ina maneno 127 ya herufi mbili. Wachezaji wakali wanayajua yote kichwani, kwa sababu hayo ndiyo yanakuokoa ukibaki na herufi mbaya mkononi.

Cheki machache. Qi ni nguvu ya uhai kwa Wachina. Xu ilikuwa pesa ndogo ya Vietnam. Zo ni mnyama chotara wa huko milima ya Himalaya, nusu ng'ombe nusu yaki. Ka ni roho ya mtu kwa imani ya Wamisri wa kale. Na za? Ni pizza. Vijana wa Marekani walikata kichwa cha neno, mkia ukaingia kwenye orodha.

Sasa niambie, hapo Uingereza iko wapi? Hata ugali, matatu na safari ziko kwenye orodha hiyo hiyo. Na bado wenyewe hawajaelewana: kwa orodha wanayotumia Marekani, maneno ya herufi mbili ni 107 tu. Zo ni neno ukicheza London, ukifika New York linatolewa ubaoni. Watu walikaa, wakaamua. Hiyo ndiyo siri ya hicho mnachoita Kiingereza kigumu.

Kuna kitu kingine kinanichekesha. Ya, za, la, na, pa, ka, ki: zote ni halali kwenye Scrabble. Mtoto wa Malili anazitumia mara mia kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Akizitumia yeye, anaambiwa awache kuongea lugha ya mtaani. Za ikimaanisha pizza, inaitwa msamiati.

Tuende kwa pointi. Scrabble ilibuniwa na Mmarekani anayeitwa Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi wakati uchumi ulianguka miaka ya 1930. Alihesabu herufi kwenye magazeti ya Kiingereza aone zipi zinatokea sana na zipi ni adimu. Ndiyo maana leo K ina pointi 5 na Z ina pointi 10, na kwa boksi zima kuna K moja na Z moja.

K moja! Ukitaka kuandika kuku, K ya pili haipo, lazima ukope kile kibao kitupu. Zizi pia, hivyo hivyo. Je, kuku ana shida? Hana. Boksi halikutengenezewa kuku. Kwa Kiswahili, K na Z ni herufi za kila siku, kama chumvi. Ugumu wake uko kwa yule aliyehesabu, na kwa gazeti alilohesabia. Kwa hivyo ukihisi wewe ni mjinga kwa sababu Kiingereza kinakupiga chenga, kumbuka umepewa boksi la mtu mwingine, halafu ukaambiwa hiyo ndiyo hesabu ya akili yako.

Bado unabisha? Nigel Richards ni mtu wa New Zealand. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na hajui kuongea Kifaransa. Alikariri orodha. Mwaka 2024 akafanya hivyo tena kwa Kihispania. Kwa hivyo mtu anaweza kubeba kamusi nzima kichwani na asiweze kununua mkate Paris. Maneno mengi si ushahidi wa mawazo mengi.

Na mwaka huo huo wa 2015, huko Perth, Australia, Mnigeria Wellington Jighere akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza. Kwenye fainali alimpiga Mwingereza michezo minne kwa sufuri. Wachezaji wa Nigeria wanajulikana kwa mbinu moja: maneno mafupi. Hawakimbilii neno refu la kujionyesha. Wanabana ubao, wanalinda herufi nzuri, wanakusubiri ukosee.

Kwa nini napiga kelele juu ya mchezo? Kwa sababu hapa kwetu si mchezo. Konza inajengwa kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, na mradi ulizinduliwa Januari 2013. Kila siku tunaambiwa kazi za kidijitali ziko karibu. Lakini nawajua vijana hapa wanaofungua simu iliyokufa na kuirudisha kabla chai haijapoa, na hawatumi maombi ya kazi hata mara moja kwa sababu wanaogopa Kiingereza chao kitachekwa. Nawajua wazee wanaojua maji ya mvua yanapita wapi kwenye hii ardhi, na kwenye mkutano wananyamaza mtu akianza kumwaga vifupisho. Huo ukimya una bei, na tunailipa sisi.

Wengine mtasema, "Wewe uliacha chuo, utatuambia nini?" Nitawaambia Katiba ya 2010, kifungu cha 7: Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kuuliza swali lako kwa Kiswahili mbele ya afisa yeyote si kuomba msaada. Ni haki yako.

Na sisemi mwache Kiingereza. Kazi nyingi zinakitaka, na njaa haina falsafa. Jifunzeni kama Jighere alivyojifunza: kama mchezo wenye sheria, orodha na mazoezi, bila aibu. Ukikosea, panga vibao upya.

Lakini nyinyi wa "maneno kumi", acheni kutuuzia aibu. Na wewe uliye Malili, mkutano ujao ukiitwa, enda. Simama, uliza kwa Kiswahili: kazi ngapi, za nani, lini? Ona hiyo za. Haina pizza ndani.