UCHAMBUZI: Kajiado iwaajiri waliopona maradhi ya akili

WAHENGA walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ndio msingi wa kazi ya wasaidizi wenza, yaani watu waliowahi kuugua maradhi ya akili, wakapata nafuu, kisha wakafunzwa kuwashika mkono wenzao.

Katika Kaunti ya Kajiado, huduma hii inahitajika hususan Kitengela. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya wakazi 150,000 mjini humo, wengi wao wapangaji waliofuata kazi Nairobi na viwandani Athi River. Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka Hospitali ya Mathari, huenda akarejea katika chumba cha kukodi, jamaa zake wakiwa mbali. Hana wa kumkumbusha dawa wala wa kutambua dalili zinapoanza kurudi.

Muuguzi anajua kipimo cha dawa. Msaidizi mwenza anajua kwa nini mtu huiacha: inamtia usingizi kazini, majirani wanamnong'ona, au anajiona amekwisha kupona. Anajua pia jinsi ya kumkabili mwajiri baada ya kutoweka mwezi mzima.

Huduma hii si ndoto. Mnamo 2021, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulikitaja kikundi cha wenza cha Nairobi Mind Empowerment miongoni mwa mifano ya kuigwa ulimwenguni. Nchini Uganda, Hospitali ya Butabika imewatumia wasaidizi wa aina hii kuwatembelea wagonjwa waliorejea nyumbani.

Kikwazo ni malipo. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yalizitwika kaunti jukumu la kufikisha huduma hizi mashinani. Hata hivyo, mwaka wa 2023 serikali ilipowapa wahamasishaji wa afya ya jamii marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu yake ikitoka kwa kaunti, wasaidizi wenza hawakutengewa fungu lao.

Kumtegemea mtu aliyetoka kuugua afanye kazi nzito bure ni kumhatarisha arudi wodini. Kajiado ianze na wachache, Kitengela na Kajiado mjini, iwape mafunzo, mshahara na muuguzi wa kuwasimamia. Wasichukue nafasi ya daktari, bali wafike asikofika: mlangoni pa mgonjwa, wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitalini.