Gesi ya Kilwa na Magari ya Kilwa

Mwenye gari la petroli aweza leo kuligeuza litumie gesi asilia, nalo likaenda sawasawa. Maelfu ya magari na bajaji yamekwisha kugeuzwa hapa nchini, na mengi yake yako Dar es Salaam. Dereva wa teksi aliyefanya hivyo hana haja ya kuhubiriwa: kilo moja ya gesi huuzwa kwa karibu nusu ya bei ya lita moja ya petroli, na kilo hiyo humpeleka mbele kidogo kuliko lita.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Injini haiondolewi. Fundi hufunga mtungi mnene nyuma ya gari, akapitisha bomba hadi mbele, kisha akaweka chombo cha kupunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia katika injini. Tangi la petroli hubaki mahali pake, na dereva hubadili kutoka gesi hadi petroli kwa kubonyeza swichi.

Sasa na tuulize, gesi hii yatoka wapi? Yatoka Kilwa. Iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974, ikalala chini miaka 30, hata mwaka 2004 ilipoanza kupelekwa Ubungo. Bomba lake hupita chini ya bahari kilometa 25 hadi Somanga, kisha nchi kavu zaidi ya kilometa 200. Bomba la pili, litokalo Mtwara, lilikamilika mwaka 2015, nalo limekata mkoa wa Lindi.

Basi mtazame dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Lindi. Mtungi wa lita 60, ambao ndio wa gari dogo, hubeba kama kilo 10 za gesi. Avuka daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji, na karibu na Somanga, pale pale gesi inapotoka baharini, mtungi umekwisha. Abonyeza swichi. Gari linapita juu ya gesi likichoma petroli iliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo, ikashushwa bandarini, ikapakiwa katika lori na kurudishwa kusini. Jambo hili twaliona ni kichekesho, ila mlipaji hacheki.

Wako watakaosema kwamba magari ya Kilwa na Lindi ni machache, na kituo cha kujazia ni ghali. Ni kweli kwamba mashine za kukandamiza gesi si za bei ya karanga. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu asiyekumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ya kusini ilikatika katika Kilwa, mabasi na malori yakakwama siku kadhaa, na watu wa Lindi na Mtwara wakatengwa na Dar es Salaam. Petroli itokayo Dar es Salaam kwa lori huitegemea barabara ile. Gesi ilikuwa huko huko, upande wao. Tena mabasi na malori yapitayo Nangurukuru usiku na mchana ni wateja, hata kama wenyeji ni wachache.

Hatuombi mambo yafanywe ovyo. Gesi katika mtungi hukandamizwa mara 200 kuliko hewa tuivutayo, na mtungi usiopimwa kwa wakati wake ni bomu. Mtu asidanganywe akafungiwa mtungi wa jikoni: gesi ya kupikia ni nyingine kabisa, na mtungi wake haukufanywa kustahimili nguvu hiyo. Ndiyo sababu kazi hii yataka mafundi waliofunzwa na kupewa hati.

Na hapo ndipo vijana wetu wanapohusika. Gharama ya kugeuza gari dogo huzidi shilingi milioni moja, na sehemu yake ni ujira wa fundi. Ujira huo waweza kupatikana Kilwa Masoko. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliuliza watapata nini katika gesi yao, ghasia zikatokea, na roho za watu zikapotea. Hatusifu ghasia. Twasema tu kwamba swali lile lilikuwa halali, na kijana wa Kilwa aweza kujibiwa kwa spana mkononi. Wanaohusika na gesi waanze Somanga: kituo kimoja cha kujazia, na karakana moja kando yake.